Upupu na Bibi Harusi wa Dirishani

Jina lake la kuzaliwa lilikuwapo kwenye kitambulisho, lakini hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulimwita Upupu, na wala si kwa ubaya. Mtu gani mwingine anakaa kitini kama aliyemwagiwa upupu mgongoni? Hajapasha kiti joto, keshanyanyuka, anakwenda kukaza koki isiyovuja. Ataifungua redio inayosema vizuri apate kujua kwa nini inasema vizuri. Ukimkaribisha kwako, chai haijapoa utamkuta ameshalaza mlango wa kabati lako sakafuni, bawaba mkononi, anakwambia, "Hii ilikuwa inakuja kukusumbua." Kumbe haikuwa na mpango wa kumsumbua mtu.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa lifti, na hapo ndipo mtu na kazi walipokutana wakapendana. Alikuwa akisimama kwenye chumba cha mashine juu ya paa, kichwa kainamisha, anasikiliza kamba za chuma zikizunguka gurudumu. Akisikia mlio mgeni, hata uwe mdogo vipi, hali wala hanywi mpaka aupate. Watu wa maghorofa yote ya katikati ya mji walipanda na kushuka salama kwa sababu yake, na siku ya kustaafu wakampigia makofi, wakampa saa ya ukutani. Saa ile aliifungua siku ya pili yake. Tangu hapo ikawa inatembea inavyotaka.

Sasa fikiria mtu huyo umwondoe kazini, umfungie kwenye nyumba ya vyumba vitatu ghorofa ya pili, pamoja na mkewe. Mkewe alikuwa muuguzi, miaka yote anaingia zamu za usiku, na yeye alistaafu na tamaa moja tu duniani: kulala mpaka ashibe. Masikini mama wa watu! Kila akifumba macho anasikia bisibisi. Akisinzia kidogo kwenye kochi, Upupu anamgusa bega. "Umelala?" "Nilikuwa nimelala." "Aa, basi lala."

Kitu kimoja tu ndani ya nyumba ile kilikuwa hakiguswi na Upupu, nacho kilikuwa mmea uliotundikwa kwenye dirisha la chumba cha binti yao, binti ambaye alishaolewa akahama. Mmea wenyewe, hata hivyo, aliuleta Upupu mwenyewe, na hilo alipenda kulikumbusha kila mgeni.

Ilikuwa zamani, binti bado mdogo. Walikuwa wanakata mti mkubwa mbele ya jengo alilokuwa akilihudumia, tawi likaanguka hatua chache kutoka miguuni pake. Juu ya tawi kulikuwa na kichaka kidogo cha majani manene, kimelikumbatia gome kwa mizizi ya rangi ya majivu. Asubuhi ile alikuwa amegombana na mkewe kwa sababu ya pasi, ambayo ilikuwa nzima kabla hajaifungua. Akaona hii ndiyo njia ya kutokea. Akaung'oa ule mmea taratibu, akarudi nao nyumbani.

"Nimekuletea ua," akasema mlangoni.

"Ua liko wapi? Mimi naona majani."

"Linakuja."

Na kwa kuwa yeye ni Upupu, hakuishia hapo. Alitafuta kopo, akajaza udongo mweusi na samadi, akaizika mizizi yote mpaka shingoni, akashindilia kwa viganja viwili kama anayeziba shimo barabarani, akamwaga maji mpaka yakafurika. Baada ya majuma machache majani yalikuwa ya njano yamelegea. Mkewe akaung'oa, akakuta mizizi imegeuka kama tambi zilizochacha. Alichemsha mkasi wake wa kiuguzi, akakata palipooza pote, akaosha kilichobaki kama anavyoosha kidonda cha mtu, halafu akaenda kwa muuza maua wa pale kona kuuliza huyu ni nani na anakula nini.

Aliporudi alikuwa anacheka. "Huyu anaitwa okidi," akasema. "Wewe umemzika mzima mzima! Huyu wala hakai udongoni. Anaishi juu ya mti, anaushika tu, haunyonyi, anakula upepo na mvua. Mizizi yake inataka hewa. Unamfunga kwenye ubao, asubuhi unamlowesha, ikishachuruzika unamwacha."

"Unamwacha vipi?"

"Unamwacha, baba. Hivyo hivyo."

Upupu hakuelewa, na tusimlaumu sana, kwani maishani mwake hajawahi kukutana na kitu kinachotengenezwa kwa kuachwa. Mama akaufunga mmea kwenye kipande cha ubao kwa soksi yake ndefu ya kazini iliyotoboka, akautundika dirishani. Tangu siku ile kila asubuhi alikuwa anaingia kule peke yake, anachovya ubao kwenye ndoo, anatazama mizizi ya kijivu ikigeuka kijani taratibu, anautundika tena, anakaa kitandani kwa binti kidogo bila kufanya lolote. Mlango aliurudishia. Upupu alikuwa anasikia ukimya ule kutoka sebuleni na unamkera kama mlio wa kamba iliyolegea.

Mmea ukapona. Ukatoa jani, ukatoa mzizi, mwaka uliofuata jani lingine na mzizi mwingine, lakini ua ng'o! Na kwa kuwa ulitoka porini, juu ya mti usiojulikana, hakuna aliyejua ua lake lina rangi gani. Mama alisema jeupe, alikuwa na hakika. Binti alisema zambarau. Upupu akasema jekundu, jekundu hasa kama kitufe cha dharura. Wakaupa jina la Bibi Harusi, maana yuko ndani anapambwa na watu wamechoka kungoja nje. Binti akakua, akasoma, akawa mwalimu, akaolewa mji mwingine, safari ya basi ya kutwa. Bibi Harusi bado yumo ndani anapambwa.

Mambo yalianza kuharibika kwa jambo la furaha. Binti alijifungua mtoto wa kiume, na mama akafunga sanduku akaenda kumsaidia kulea. "Mwezi mmoja tu," akasema. Mwezi ukaisha, ukaingia wa pili. Upupu alikuwa anapiga simu kila jioni na mzaha wake ule ule wa mababu: "Nipeni huyo mume mwenzangu niongee naye! Ameninyang'anya mke na hata meno hana!" Kule wote wanacheka. Jioni moja binti hakucheka.

"Baba," akasema, "mama anapumzika huku. Amenenepa hata. Mume wangu amemwandalia chumba. Tumeona bora akae."

"Akae mpaka lini?"

"Akae tu, baba."

Upupu alisimama. Alikuwa amesimama tangu mwanzo, lakini akajikuta anatafuta namna ya kusimama zaidi. "Mpe mama yako simu," akasema.

Mkewe alipokuja kwenye simu sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa. Upupu akamwuliza kama ni kweli. Hakumficha. "Sijaamua," akasema. "Lakini huku nalala, mume wangu. Nalala mpaka nikiamka nasahau niko wapi. Sijakuchukia, usije ukafikiri hivyo. Nimechoka tu." Halafu, kwa kumwonea huruma, akageuza maneno. "Bibi Harusi hajambo?"

Upupu alikuwa amekitunza kitu cha kumwambia, na kilikuwa kweli tupu. Kati ya majani mawili ya mmea kulikuwa kumechomoza kitu kipya. Mwanzoni alidhani mzizi, lakini mizizi yote inaelekea chini, na hiki kilikuwa kinapanda, chembamba, kijani, na mwishoni kimeanza kuvimba vijitumba.

"Ametoa mkono wa maua," akasema.

Mkewe akapiga yowe mpaka mtoto akalia. "Muongo wewe!"

"Naapa. Matumba matano."

"Matano! Mungu wangu. Sikiliza. Yakichanua niite, nakuja na basi la kwanza. Lazima niione rangi yake. Na nikija tutaongea, la kukaa huku au kurudi huko. Tutaongea ana kwa ana." Na kabla hajakata akaongeza, "Baba. Usimguse."

Basi, mambo yakawa hivyo. Ua likichanua mke anakuja, na akija mbele ya ua, labda moyo utamlainika. Upupu alielewa kwamba ndoa yake ya miaka yote ile inaning'inia kwenye kijiti chembamba kuliko waya wa kengele ya mlango. Mtu mwingine angekaa akangoja. Upupu alianza kazi.

Asubuhi aliona jua liko jikoni, akaupeleka mmea jikoni. Mchana jua likahamia sebuleni, akauhamishia sebuleni. Jioni aliutundika chumbani upande wa magharibi. Kutwa nzima Bibi Harusi yuko mikononi anatembezwa kama mgeni wa serikali. Mkono wa maua ukachanganyikiwa, leo unapinda huku, kesho unapinda kule, mpaka ukawa na shingo ya mtu anayetafuta mwenzake stendi. Upupu akaona umepotoka, akaunyoosha kwa waya wa shaba. Akaona matumba yana vumbi, akayafuta kwa kitambaa laini. Akaona maji ya asubuhi hayatoshi, akaongeza ya mchana.

"Mzee, mwache apumue huyo!" akasema jirani wa mlango wa pili, mama mmoja fundi cherehani mwenye ulimi mkali na moyo safi, ambaye alikuwa anamwona akipita na ubao kwenye kibaraza. "Hata vazi ukilipima pima kila saa linafumuka!"

"Dada, wewe shona. Mimi najua ninachofanya."

Kisha hali ya hewa ikageuka, mvua ikanyesha siku baada ya siku na ubaridi ukaingia nyumbani. Upupu akaogopa matumba yatapata baridi. Chumba kisichoingia upepo mwingi kilikuwa jikoni, akafunga dirisha, akautundika mmea juu ya rafu. Chini ya ile rafu kulikuwa na kapu la ndizi mbivu, mbivu hasa, zilizoanza kuwa na madoa. Ndizi zilikuwapo kwa sababu mkate na ndizi ndicho chakula chake kikubwa siku hizo. Na hilo nalo lilikuwa na sababu. Jiko alikuwa amelifungua lote tangu mke aondoke, vipande vimepangwa juu ya gazeti sebuleni, na havikubali kurudiana.

Siku mbili hazijaisha, tumba la kwanza likawa njano. Alilipuliza. Alilifuta. Kesho yake lilikuwa sakafuni. Akaongeza maji, akaondoa waya, akarudisha waya. La pili likadondoka mkononi mwake wakati anaangalia kwa nini la kwanza lilidondoka. La tatu na la nne yalikwenda pamoja.

Akasimama katikati ya jikoni, tumba limo kiganjani, na ndipo macho yake yalipoangukia kapu la ndizi. Alikumbuka. Mkewe alikuwa haruhusu tunda lolote lililoiva kuingia chumba kile, hata ganda. Muuza maua ndiye aliyemwambia: tunda linaloiva linatoa pumzi, na pumzi ile inalizeesha ua kabla halijazaliwa. Upupu alicheka sana siku ile. "Ndizi inapumua! Inakohoa pia?" Alilirudia neno hilo mwaka mzima kila akimenya ndizi, na mkewe alikuwa anatabasamu kidogo tu, kama mtu anayemaliza zamu.

Kapu zima alilitoa nje, akampa mlinzi wa jengo, ambaye alishukuru bila kuelewa kwa nini mzee anazikimbia ndizi zake.

Tena haki isemwe, alijaribu kudanganya. Alitoa gundi yake nzuri, ile inayogandisha chuma, akaweka tone kama kichwa cha sindano, akalibandika tumba la nne mahali pake. Alilishikilia. Upupu, mtu huyo huyo asiyekaa, alilishikilia mpaka vidole vikafa. Alipoliachia lilibaki juu, naye akaanza kutabasamu. Halafu likainama polepole, likang'oka, likabaki limenata kwenye kidole gumba chake. Akakaa sakafuni akalia. Hakuona aibu, maana hakukuwa na mtu, na hata angekuwapo angelia tu.

Jioni alipiga simu. Alikuwa amejiandalia maneno, yakapotea yote.

"Yamedondoka," akasema. "Manne. Limebaki moja."

"Ulimgusa," akasema mkewe.

"Nilimgusa."

"Nilijua," akasema, na hilo "nilijua" lilimchoma kuliko matusi, maana lilitoka bila hasira. "Unajua, baba, mimi nimeishi na wewe nikijiona kama ile pasi. Kwako hakuna kitu kizima. Kila kitu mpaka ukifungue ukione ndani, ndipo uamini kwamba kinafanya kazi. Hata mimi, nikinyamaza unanigusa bega. Nikilala unaniamsha uniulize kama nimelala. Unafikiri sikupendi? Nakupenda. Lakini siwezi kuzeeka nikitikiswa."

"Nirekebishe nini?" Upupu akauliza, na mara tu alipouliza akajisikia mwenyewe.

Mkewe naye alimsikia. Akacheka kicheko kifupi cha kukata tamaa, akasema mtoto analia, akakata simu.

Asubuhi Upupu aliuchukua ubao kwa mikono miwili, akaurudisha kwenye dirisha lake la zamani, kwenye msumari wake wa zamani, sehemu ile ile ambapo mkewe aliuacha. Tumba moja lililobaki lilikuwa kwenye ncha kabisa, kijani, limejifunga kama ngumi ya mtoto. Akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kugonga kwa jirani.

"Dada, shika huu."

Fundi cherehani akautazama ufunguo, akamtazama yeye. "Umefanya nini, mzee?"

"Bado sijafanya, ndiyo maana nakupa. Kila asubuhi uingie, umchovye kwenye ndoo mara moja, umtundike, utoke. Mimi nikikuomba ufunguo usinipe. Nikisema nyumba inaungua, waite zimamoto, lakini ufunguo usinipe."

"Haya," akasema yule mama, na akautia kifuani. "Ukiutaka uje uuchukue hapa, tuone."

Zikaanza siku ambazo Upupu hatazisahau. Asubuhi alikuwa anamsikia jirani akiingia, maji yakichuruzika, mlango ukifungwa, naye yuko sebuleni anauma kucha. "Vipi?" "Vizuri." "Vizuri vipi?" "Vizuri vya kutokuhusu, mzee!" Siku ya pili tu alikwenda kuuomba ufunguo, eti kofia yake imebaki ndani. Fundi cherehani akamwambia kofia iko kichwani. Siku nyingine alisema amesikia panya. Akaambiwa panya hana shida na mtu.

Nyumba ikawa ndogo. Akaliunganisha jiko, likakubali, akapika wali ukaungua kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni pa kile chumba. Akaenda mjini kwenye jengo lake la zamani, akaingia kwenye lifti, akapanda mpaka juu, akashuka, akapanda tena. Kwenye ghorofa ya sita akausikia mlio, kidogo sana, upande wa kushoto, na kila unywele wa mwili ukasimama. Aliujua. Ni kiatu cha reli, kile kipande kinachoishika lifti kwenye reli yake, kinakwaruza; si hatari, kazi ya dakika chache. Mwanamke aliyekuwa humo na mafaili yake hakusikia chochote, akateremka zake akamwambia kwaheri. Upupu akateremka, akamtajia mlinzi amwambie fundi wa sasa, akaondoka. Njia nzima mikono ilikuwa mifukoni, imefumbatwa, inamwuma.

Kibaya zaidi, ile kufuli ya chumba cha binti ilikuwa ya kitoto. Angeifungua kwa waya ulioviringwa, macho kafumba. Kila akipita ilikuwa inamwita. Mwishowe alichukua kitambaa, akakisokota, akakishindilia kwenye tundu la ufunguo kutoka upande wake ili hata jicho lisipate pa kupenyea. Jirani akawa anakitoa asubuhi na kukirudisha, anatikisa kichwa. Hata yeye mzaha ulikuwa umemwisha.

Simu aliendelea kupiga jioni, lakini kwa ufupi. Hakuuliza anarudi lini. Alimwuliza mkewe kama amelala vizuri, akijibiwa ndiyo anasema, "Afadhali." Mkewe aliuliza habari ya tumba, akajibu, "Sijui. Ufunguo uko kwa jirani." Alidhani mkewe ataona ni kisingizio.

Halafu asubuhi moja aliamka akasikia harufu.

Alikaa kitandani wima. Haikuwa sabuni wala marashi ya mtu. Ilikuwa tamu kidogo, ya baridi kidogo, inakuja na kupotea, na alipoifuata miguu peku ilimpeleka mpaka mlango wa chumba cha binti. Ilikuwa inapita chini ya mlango. Upupu akapiga magoti, akaweka pua kwenye ule upenyo, na moyo ukamwenda mbio kama umechomekwa kwenye umeme. Bibi Harusi ametoka! Yuko nyuma ya mlango huu, ana rangi yake, na duniani hakuna anayeijua.

Jirani alipokuja kuchovya aliingia, na Upupu akamsikia akisema "Ooo" peke yake. Akatoka macho yanang'aa.

"Mzee, limefunguka! Nikwambie rangi?"

"Usithubutu!"

"Basi ingia uone mwenyewe. Shika ufunguo, nimeshindwa mimi." Na kweli akaunyoosha, ufunguo wenyewe, mbele ya pua yake.

Upupu akautazama. Kila kidole chake kilikuwa kinautaka. Akarudisha mikono nyuma ya mgongo, akaishikanisha. "Funga," akasema. "Rudi nao kwako."

Akampigia mkewe. Alipopokea hata salamu hakumpa.

"Limechanua."

"Kweli? Limechanua! Rangi gani?"

"Sijui."

"Hujui vipi na wewe uko hapo?"

"Sijaingia. Mlango umefungwa. Nasikia harufu tu. Nakungoja wewe. Ukija sawa. Usipokuja litazeeka humo humo, mimi siingii."

Huyu ni mtu aliyefungua zawadi zao za harusi kabla wageni hawajatoka. Huyu aliwahi kumwuliza daktari mtoto ni wa kike au wa kiume kabla mtoto hajatoka mabega.

"Wewe?" mkewe akasema, na sauti ilikuwa imepasuka. "Wewe hujaangalia?"

"Ninakufa, mke wangu. Lakini sijaangalia."

Alifika kesho yake jioni. Upupu alimpokea stendi, na kitu cha kwanza alichokiona ni mkoba mdogo wa begani. Sanduku hakuja nalo. Mkoba wa mtu wa siku moja. Akaupokea ule mkoba, akaubeba kwa heshima zote, hakuuliza. Mke alikuwa amenenepa kweli, na mifuko ya chini ya macho ilikuwa imekwisha.

Jirani aliwangoja mlangoni na ufunguo. Mama akachomoa kitambaa kwenye tundu, akakitazama, akamtazama mumewe. Akafungua.

Lilikuwa dogo kama kifungo cha shati. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyotiwa maziwa mengi, na vidoa vichache vya kahawia, basi. Si jeupe, si zambarau, na wekundu hata wa kuombea haukuwapo. Walisimama wanalitazama, wote wawili vichwa upande.

"Miaka yote hii?" akasema Upupu.

Mama akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka machozi yakamtoka, na Upupu naye akacheka, na fundi cherehani huko kwenye kibaraza akacheka bila kujua ni nini. Lakini harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, na mama alipojifuta macho alisogea, akafumba, akanusa, akabaki hivyo.

"Kaa," akamwambia mumewe.

Wakakaa kitandani kwa binti. Upepo ulikuwa unaingia, na dirisha likawa linalia: kwii, kimya, kwii. Bawaba ya juu, skrubu moja imelegea. Upupu aliisikia kabla haijalia mara ya pili. Akaiweka mikono chini ya mapaja, akaikalia.

Mkewe alikuwa anamtazama. "Dirisha linalia," akasema.

"Nalisikia."

"Hutaki kwenda kulitazama?"

"Nataka sana."

Hakunyanyuka. Dirisha likalia, likalia tena. Jua likashuka kwenye nyumba za mbele, na Upupu bado yuko palepale, jasho linamtoka kama anayebeba kitu kizito. Mama akafungua mkoba wake mdogo, akatoa simu, akampigia binti.

"Nimefika, mwanangu. Limechanua, ndiyo. Baya hilo, utacheka! Sikiliza, kesho nipakilie sanduku langu kwenye basi. Ndiyo, lote. Na viatu vilivyo chini ya kitanda. Mbusu mume mwenza wa babu."

Akaiweka simu, akaegemeza kichwa kwenye bega la mumewe, akavuta pumzi ndefu. Baada ya kitambo pumzi ikawa nzito, ya mtu aliyezama. Upupu alitaka kumwuliza kama amelala. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Akalimeza. Pua yake ikaanza kuwasha, kwenye ncha kabisa, akaiacha iwashe.